Barua nilishapata, upasuaji nilishafanyiwa. Mbona bado naenda kwa mshauri?

BintiKibokoni (mleta uzi)

Hamjambo nyote humu.

Juzi kwenye uzi wa bei za homoni kuna mwenzetu aliandika kwamba wanasaikolojia wanaotoa barua za kuruhusu homoni na upasuaji wa kubadili jinsia ni kama askari wa getini: akishakufungulia, pita, usigeuke nyuma. Wengi mkamuunga mkono. Nikaanza kumjibu, jibu likarefuka, nikaona heri nifungue uzi wangu niseme yote kwa pamoja.

Mimi ni mwanamke niliyebadili jinsia, mzaliwa wa Mombasa, Kibokoni. Nilikuja Kanada mwaka 2016 kama mkimbizi, naishi Toronto. Homoni nilianza 2018, upasuaji nikafanyiwa Montréal 2021. Huku Ontario bima ya mkoa inalipia upasuaji ule wa chini, wa sehemu za siri, ila kwanza upate tathmini mbili za wataalamu na uwe umeshatumia homoni mwaka mzima. Basi yule mwanasaikolojia wangu wa kwanza nilimwendea vile watu wa kwetu wanavyokwenda ubalozini kuomba viza. Nguo safi, majibu nimeyakariri, na dua moja tu moyoni, asinikatae. Aliniuliza kama nimewahi kuwa na shaka. Nikasema kamwe. Aliniuliza utoto wangu ulikuwaje, nikampa utoto niliousoma kwenye intaneti: wanasesere, viatu vya mama, kulia nikinyolewa. Utoto wangu wa kweli ulikuwa wa kuruka baharini nyuma ya Fort Jesus na wavulana wenzangu, na kwenda msikitini Ijumaa nimeshikwa mkono na baba. Na vyote viwili nilivipenda. Hilo sikuthubutu kulisema. Niliona likiingia kwenye faili litanirudisha nyuma miaka.

Mama wa watu hakuwa mbaya, wala simlaumu. Lakini yale yalikuwa mahojiano. Mtu hawezi kumfungulia moyo aliyeshika muhuri.

Sasa njoo baada ya upasuaji. Wiki ya tatu nikaanza kulia bila sababu. Muuguzi alikuwa amenitahadharisha kwamba hutokea: nusukaputi, maumivu, homoni zimesimamishwa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, halafu umelala ndani siku nenda siku rudi, na kazi yako kubwa ni kile kifaa cha kupanua uke mpya, mwanzoni mara 4 kwa siku. Kutahadharishwa ni kitu kimoja, kuamka saa tisa usiku ukijiuliza "nimejifanyia nini?" ni kingine. Na sikuwa na mtu wa kumwambia. Marafiki wangu ndio walionichangia nauli na chakula, ningewaambiaje kwamba nalia? Wangedhani najuta. Sikuwa najuta. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimefika mahali nilipopangojea tangu nikiwa na miaka 9, nikakuta ni chumba chenye dirisha moja na theluji nje.

Ndipo nikatafuta mshauri mwingine. Huyu hana barua ya kunipa wala ya kuninyima. Kikao cha kwanza nilimwambia ile habari ya baba na Ijumaa, kitu ambacho yule wa kwanza hakukipata kwa miezi 7.

Naendelea naye mpaka leo, kila wiki mbili. Nikipata nafasi nitaeleza ya msiba wa baba, maana hapo ndipo nilipoona thamani yake hasa. Wengine mnasemaje?

---

KahawaChungu

Dada, nakuheshimu lakini hapa tunatofautiana.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Leicester. Niko kwenye orodha ya kusubiri kliniki ya jinsia mwaka wa tano sasa. Wa TANO. Kila hatua nakutana na mtu wa kunipima akili. Anayetaka miwani hapelekwi kwanza kwa mwanasaikolojia aulizwe kama kweli anataka kuona. Hata WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa mambo haya, kwenye mwongozo wao wa 2022 wamesema wazi kuwa tiba ya mazungumzo isiwe sharti la kupata homoni wala upasuaji. Sasa sisi wenyewe tukianza kusifia vikao, kesho wanasiasa watasema "mnaona, hata wao wanakiri wana matatizo ya akili".

Na pesa je? Pauni 60 kwa saa moja ya kuongea? Naongea na kinyozi wangu bure.

---

BintiKibokoni

Kaka KahawaChungu, mimi na wewe hatubishani. Isiwe sharti, nakubali kwa mikono miwili. Nilipolazimishwa nilidanganya, nilipokwenda kwa hiari nikasema kweli. Ndiyo hoja yangu yote hiyo.

Pesa ni kweli. Huku bima ya mkoa inalipa ukienda kwa daktari wa magonjwa ya akili au daktari wako wa familia, lakini mwanasaikolojia wa binafsi unajilipia. Mimi nalipa kwa kipimo cha mapato, kituo cha jamii kimenipunguzia. Bila hivyo nisingemudu.

Kinyozi wako anajua?

---

KahawaChungu

Hajui. Umenipata hapo.

---

SautiNzito254

Nairobi hapa. Mimi ni mwanaume, nilizaliwa msichana, niko kwa testosteroni, homoni ya kiume, mwaka wa tatu.

Watu huongea kuhusu mwili tu. Hedhi ikakoma, sauti ikashuka, ndevu zikaanza kutoka kama nyasi za kiangazi. Nilikuwa nafurahia kila kitu. Mwezi wa nne makanga akaniita "buda", yaani mzee, mara ya kwanza, nikashuka steji mbili mbele ya kwangu kwa sababu ya raha.

Kitu hakuna mtu aliniambia ni kile nitapoteza. Nilikuwa na chama na wasichana wengine saba tangu chuo, tukichangiana kila mwezi. Walinikubali, hakuna aliyenitukana. Lakini polepole nikiingia kwa nyumba stori inakatika. Wanaongea kuhusu bwana fulani, mimi nikifika wanabadilisha, wananiuliza mpira. Siku moja nikatoka kazini usiku, nikatembea nyuma ya mama mmoja hapo karibu na Muthurwa. Akageuka, akaniona, akavuka barabara akikimbia. Nilisimama pale kama sanamu. Miaka yote hiyo mimi ndiye nilikuwa nakimbia.

Hiyo ndiyo nilipeleka kwa mshauri. Homoni yenyewe ilikuwa sawa, damu nilipimwa ikawa sawa. Nilienda kuuliza, mimi ni mwanaume wa aina gani sasa? Tumeongea hiyo kitu karibu miezi sita. Pia hasira. Kila mtu aliniambia testosteroni italeta hasira, kwa hivyo kila nikikasirika nilikuwa nalaumu sindano. Mshauri akaniambia niandike kwa daftari siku ya sindano na siku za hasira. Hazikulingana kabisa. Hasira ilikuwa inakuja kila nikipigiwa simu kutoka ushago, kijijini kwetu.

Nalipa 3,500 kwa kikao. Naenda mara moja kwa mwezi, na katikati tuna kikundi chetu tunakutana bure Jumamosi. Kikundi kinasaidia sana, lakini kuna vitu siwezi kusema huko kwa sababu kesho nitakutana na hao watu.

---

MsikilizajiNRB

Salaam. Mimi ni mshauri nasaha kwa taaluma, Nairobi, nimefanya kazi na watu waliobadili au wanaobadili jinsia kwa miaka kadhaa. Siweki jina. Naomba niongeze machache.

KahawaChungu ana haki ya kuwa na uchungu, na uchungu huo una historia. Ile miongozo ya WPATH ilianza kuandikwa 1979, na kwa miaka mingi mtaalamu wa akili alikuwa ndiye mlango wenyewe. Toleo la 7, lililotumika kwa takriban muongo mzima kabla ya 2022, bado lilitaka barua mbili kwa upasuaji wa sehemu za siri na miezi 12 ya kuishi kwa jinsia yako. Toleo la 8 linasema pale barua inapohitajika, kwa mtu mzima moja inatosha. Na Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, liliitoa hali hii kwenye sura ya magonjwa ya akili na kuiweka kwenye sura ya afya ya kijinsia. Kwa hiyo mtu akikwambia kwenda kwa mshauri ni kukiri uwendawazimu, hiyo orodha haimuungi mkono.

Tatizo ni kwamba watu walirithi sura moja tu ya mshauri, ile ya mpimaji. Mlango ulipofunguliwa wakamwacha. Nami naona kinyume: wengi wanaokuja kwangu wakiwa na kitu kizito huja mwaka wa pili, wa tatu, wa tano. Huja wakati mwili umeshatulia, halafu mtu anagundua kwamba sauti haikubadilika. Estrojeni, homoni ya kike, haishushi wala haipandishi sauti ya mtu aliyeshabaleghe, hilo ni zoezi la koo la miezi mingi, na kwenye simu bado anaitwa "bwana". Au kazi mpya inataka vyeti, na vyeti vina jina la zamani. Mnakumbuka kesi ya Audrey Mbugua, yule mwanaharakati wa Kenya aliyebadili jinsia: Mahakama Kuu iliamuru mwaka 2014 Baraza la Mitihani limpe cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Ushindi mkubwa. Lakini alilazimika kwenda mahakamani kwa ajili ya karatasi ya shule. Mtu anayeishi hivyo kila siku ana mengi ya kuongea, na akili yake ni timamu kabisa.

Jinsi ya kumjua mshauri mzuri? Anayekuuliza "una uhakika?" kila wiki hakufai. Anayekupigia makofi kwa kila unalosema pia hakufai, huyo ni shabiki. Anayekwambia anaweza kukuombea au kukufundisha mpaka uache kuwa ulivyo, ondoka, wala usimlipe. Na swali la kwanza kabisa, hasa kwa mlio Afrika Mashariki: muulize anaandika nini kwenye faili, nani anaweza kulisoma, na kama anamjua mtu yeyote wa kwenu. Usione haya. Nchi ni ndogo.

Kwa wanaofanya vikao kwa simu au kompyuta mkiwa nyumbani kwa wazazi: visikilizi masikioni, na mpangieni neno la siri. Nina mteja ambaye akisema "ile ripoti nitaleta kesho" najua kuna mtu ameingia chumbani, tunabadilisha mazungumzo mara moja.

---

mpitanjia_88

Haya ni mambo ya wazungu na pesa zao. Dini zetu haziruhusu. Mnahitaji dua si washauri.

---

BintiKibokoni

Dua naomba, ahsante kwa kunikumbusha. Na kuhusu wazungu, Iran inaruhusu upasuaji huu tangu fatwa ya Ayatollah Khomeini miaka ya 1980, na huko pia lazima upite kwa wataalamu wa akili kwanza. Ukitaka kujadili fiqhi kuna uzi wake. Tuendelee.

---

Kobe_Taratibu

Nimesita kuandika kwa sababu kila nikisimulia haya kuna upande unaniteka uniweke kwenye bango lao.

Nilianza estrojeni, nikatumia miezi 14, nikaacha. Sikuacha kwa kutubu, wala hakuna aliyenilazimisha. Kuna mabadiliko niliyoyapenda na nimebaki nayo, kuna mengine yalianza kunipa wasiwasi. Nikiwaza kumwambia daktari, niliona kama namsaliti kila mtu wa humu. Kwa miezi miwili nilikuwa nanunua dawa na kuziweka kabatini.

Mshauri wangu ndiye mtu pekee aliyepokea habari hiyo bila uso kubadilika. Hakusema "nilijua". Hakusema "jikaze". Aliniuliza ninataka siku yangu ya kawaida iweje, tangu kuamka mpaka kulala, na kwenye siku hiyo kuna nini na hakuna nini. Tukakaa na hilo swali vikao vingi. Pia alinisukuma nirudi kwa daktari nimwambie ukweli, kwa sababu kuacha homoni ghafla kimyakimya si jambo la kujifanyia.

Leo sijiiti mwanamume wala mwanamke, na nimeridhika na hapo nilipo. Inawezekana nitaanza tena kwa dozi ndogo, inawezekana nisianze. Kama ningekuwa nimeshaachana na mshauri siku nilipopata dawa, sijui ningeyapeleka wapi haya.

---

SautiNzito254

Kobe, asante kwa kuandika. Kwa kikundi chetu kuna mtu ako mahali hapo na hajui kusema. Naomba nimsomee hii, bila jina lako.

---

Kobe_Taratibu

Msomee.

---

MamaFuraha

Bwana asifiwe. Kiswahili changu ni cha Bukavu, mutanisamehe. Miye ni mama. Mutoto wangu ana miaka 21, alizaliwa binti, sasa ni kijana. Tuko Louisville, Kentucky, tangu mwaka 2014.

Ninyi watoto munaongea juu ya kwenda kwa mushauri. Wangu alikwenda, akapona huzuni yake, akaendelea na masomo. Aliyebaki mugonjwa ni miye. Nililia kama mutu aliyefiwa. Nilikuwa nimefungua mfuko wa nguo zake za ubatizo, nimezitandika kitandani, naziangalia. Mutoto akanikuta hapo. Akasema, "Mama, mimi niko hai." Niliona haya sana.

Kliniki ikanipa mushauri, lakini Kiingereza changu ni cha dukani. Wakaleta mukalimani kwa simu. Akianza tu kuongea nikatambua ile sauti: ni mutu wa kanisa letu! Nikasema niko sawa, sina shida, nikafunga simu. Nilikaa miezi mitatu bila kurudi. Mutoto ndiye aliwaeleza, wakatafuta mukalimani wa mbali, mwanamke, hasemi jina wala miye sisemi langu. Sasa ninaweza.

Mushauri hakunifundisha mambo ya jinsia. Aliniuliza juu ya yule binti niliyekuwa ninamungojea, harusi yake, mahari, wajukuu. Kumbe nilikuwa ninalilia harusi. Harusi ya mutu ambaye hakuwahi kuniambia anaitaka.

Ninyi wenye wazazi, muwaulize kama na wao wana mahali pa kulia. Siyo kwenu. Mahali pengine.

---

BintiKibokoni

Shikamoo mama. Nimesoma mara tatu. Nimemtumia dada yangu aliye Mombasa.

Niliahidi ya msiba. Baba alifariki 2023. Simu iliingia alfajiri ya huku, na kwetu, mnajua, maiti haikai. Kufikia saa ambayo ningepata hata tiketi, angekuwa ameshazikwa. Kaka yangu akanipigia kwa video kutoka nyumbani. Nyuma yake naona wanaume wanatoka na jeneza, "la ilaha illallah" barazani. Ndani wanawake wamekaa na mama kwenye mikeka. Kaka amesimama katikati na simu, kwenye kizingiti. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Nikupeleke wapi?"

Hakuwa na ubaya, maskini. Kweli hakujua. Wala mimi. Baba alinishika mkono kwenda msikitini, na hakuna siku niliyotaka kutembea nyuma yake kama siku ile. Nikasema nipeleke kwa mama. Akaniweka mapajani mwa mama, simu imeegemea goti lake, saa nzima nasikiliza Yasin naangalia dari.

Kwa mshauri nililieleza hilo, naye ni Mkanada wa hapa hapa, ilibidi nimchoree ramani ya nyumba na barabara ya makaburini. Akaniuliza pole pole, "Na ungependa kutembea na jeneza?" Nikakaa kimya mpaka saa ikaisha. Kikao kilichofuata nikasema ndiyo. Ningependa, na mimi ni mwanamke, na vyote viwili ni kweli. Kule kwenye mahojiano ya barua sentensi hiyo ingenimaliza.

Jambo lingine la lugha. Kwa Kiswahili mama hajawahi kunikosea hata siku moja. Hakuna namna ya kunikosea: "amekula?", "amelala?", "mwanangu". Lugha yetu haina yeye wa kiume na yeye wa kike. Wenzangu huku wanagombana na wazazi wao kwa viwakilishi, mimi nilidhani nimeokoka. Kumbe mtego wetu uko kwenye jamaa. Watoto wa kaka waniite nani? Walizoea "ami". Siku ya arubaini, yule mdogo wa miaka 6 alichukua simu akasema, "Shangazi, babu amekwenda peponi?" Sijui nani alimfundisha. Hakuna aliyekiri mpaka leo.

Neno hilo moja limenila vikao vitatu. Kwanza kumweleza mshauri shangazi ni nani, kwamba si "dada wa baba" tu, ni mtu mwenye kazi zake, ana sauti kwenye posa, anakaa na biharusi. Halafu kuogopa: mimi sikuwahi kuwa na somo, yaani kungwi, hakuna aliyenikalisha ndani kunifunda, nitamfunda nani?

---

KahawaChungu

Nimesoma ya MamaFuraha nikiwa kwenye basi, nikashindwa kushuka kituo changu.

Msimamo wangu sijaubadilisha wote. Miaka mitano ya foleni ni dhuluma, na nikiitwa nitakuwa na majibu yangu ya kukariri kama wewe dada, siwezi kuhatarisha. Lakini swali la kweli, bila kejeli. Ukishamaliza ya msiba na ya upasuaji, wiki ambayo hakuna lililotokea, mnaongea nini saa nzima? Mimi ningekaa naangalia saa ya ukutani.

---

MsikilizajiNRB

Hizo ndizo wiki ninazozipenda mimi, lakini ngoja mwenye uzi ajibu.

---

BintiKibokoni

Wiki iliyopita hakuna lililotokea. Kazi nzuri, afya nzuri, baridi tu.

Jumapili mtu wa Mombasa alikuwa amefika, akaniletea mzigo kutoka kwa mama. Achari, ubuyu, bajia za dengu zilizovunjikavunjika. Na chini kabisa, imekunjwa ndani ya gazeti, doti ya leso, mpya, bado haijakatwa. Mama hajaniambia kitu kabla, na nilipopiga kushukuru alizungumzia achari tu, kama pilipili imezidi.

Unajua leso hupewa nani, kaka. Basi saa nzima tuliongea leso. Kama nikate na kupinda upindo au niache. Kama nivae ndani tu. Nilimwonyesha mshauri, akauliza yale maandishi yanasema nini.

Sikumwambia. Nilimwambia ni methali tu ya kwetu, haitafsiriki. Wiki ijayo labda.

Na nyinyi msiniulize.